Walinzi wa Makinda ya Kozi

Kila mtoto wa kijiji anamjua mwewe. Kuku anatembea uwanjani pamoja na vifaranga wake. Anachakura, anawaita, wanadonoa. Mara kivuli kinapita juu ya mchanga. Kuku anapiga kelele, vifaranga wanakimbilia chini ya mabawa yake, na watoto wanatoka nyumbani mbio, wakirusha mawe na kupaza sauti: "Mwewe! Mwewe!" Mara nyingi wanachelewa. Kifaranga mmoja amekwisha kwenda juu.

Basi, nikiwaambia ya kuwa kuna mji mkubwa ambamo watu wazima, wanaume kwa wanawake, wanakaa mchana kutwa chini ya nyumba ndefu ili kuwalinda watoto wa ndege mla ndege, mtacheka. Mtauliza: "Watu hao wana akili kweli?" Akili wanazo. Tena hawalipwi hata senti moja kwa kazi hiyo. Sikilizeni kwanza habari ya ndege mwenyewe, kisha mtafahamu sababu.

Ndege huyo anaitwa kozi. Anafanana na mwewe kwa kucha na kwa mdomo uliopindika, lakini si mwewe. Mwewe ana mkia uliogawanyika mwishoni. Mkia wa kozi haukugawanyika. Mabawa ya kozi ni marefu, yamechongoka kama ncha ya kisu. Mgongo wake ni wa kijivu, kama kibao cha kuandikia. Kifua ni cheupe chenye mistari myeusi, na chini ya kila jicho ana alama nyeusi kama sharubu za mzee. Ukubwa wake ni kama wa kunguru. Kwa ndege hawa mke ndiye mkubwa, mume ni mdogo.

Mwewe huokota vitu vya chini: kifaranga, panya, hata mabaki ya nyama sokoni. Kozi hataki vya chini. Yeye huwinda hewani. Hupanda juu sana mpaka aonekane kama nukta, humtazama njiwa anayepita chini yake, kisha hukunja mabawa na kujiachilia aanguke. Anaanguka kama jiwe, lakini jiwe lenye macho. Wataalamu wamepima mwendo wake: unapita kilometa 300 kwa saa. Motokari iendayo mbio katika njia nzuri haifiki nusu ya mwendo huo. Hakuna mnyama mwingine duniani anayemshinda.

Kozi anakaa karibu nchi zote za dunia, na Afrika pia. Hayuko katika nchi ya barafu ya kusini kabisa. Hajengi kiota cha vijiti. Hutafuta ukingo mwembamba katika jabali refu, hukwangua kishimo kidogo katika mchanga au changarawe, na humo hutaga mayai matatu au manne. Nyumba yake ndiyo hiyo: kishimo, upepo, na chini yake shimo la kutisha.

Sasa fikirini mji wenye nyumba za orofa 30 au 40. Sisi tunaona nyumba, lakini kozi anaona majabali. Kingo ziko, upepo uko, na chini wamejaa njiwa wanaonona kwa makombo ya watu. Ndivyo kozi wengine walivyokuja kukaa mjini. Jambo hili si jipya sana. Katika Montreal, mji wa Kanada, kozi jike alikaa juu ya nyumba ya kampuni ya Sun Life tangu mwaka 1936. Mayai yake yalipotea, kwa sababu juu ya mawe makavu hapakuwa na mchanga wa kukwangua. Mwaka 1940 mtu mmoja mwenye kupenda ndege alimwekea mchanga na changarawe. Basi, ikatosha! Mpaka mwaka 1952 makinda zaidi ya 20 waliruka kutoka ukingo ule.

Lakini katika miaka ile ile msiba mkubwa ulikuwa umekwisha kuanza, na hakuna aliyeujua.

Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi jina lake Paul Müller alivumbua ya kuwa dawa iitwayo D.D.T. inaua wadudu kwa nguvu sana. Ilionekana kama neema. Iliua chawa wanaoleta homa mbaya katika vita, iliua mbu wa malaria, na mwaka 1948 Müller alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo hata mji wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ulipulizwa dawa hiyo. Wazee wengine wa Kongo wanaikumbuka harufu yake. Siwezi kusema kwamba dawa ile ilikuwa mbaya kabisa. Watu wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini katika Ulaya na Marekani wakulima waliimwaga mashambani na misituni kwa tani nyingi, mwaka baada ya mwaka, na D.D.T. ina tabia moja: haiozi upesi. Inakaa ndani ya mafuta ya mwili.

Tazameni sasa inavyosafiri. Jani moja lina dawa kidogo sana. Mdudu anakula majani mengi. Ndege mdogo anakula wadudu mia. Kozi anakula ndege wadogo mia. Kila mlaji anaongezewa sumu ya wale aliowala, na kozi ndiye mlaji wa mwisho. Sumu yote inamngoja yeye.

Haikumwua palepale. Ilifanya jambo la kufichika zaidi: ilipunguza unene wa ganda la yai. Mama kozi alitaga kama desturi, akakaa juu ya mayai yake ili kuyatia moto, na mayai yakavunjika chini ya kifua chake. Mwaka kwa mwaka alirudi, akataga, akavunja.

Nani aligundua? Mwingereza mmoja, Derek Ratcliffe. Alifikiri hivi: zamani watu wengi walikuwa na tabia ya kukusanya mayai ya ndege na kuyatunza kabatini. Basi akayatafuta mayai hayo ya kale, akayapima urefu, upana na uzito wa ganda, akayalinganisha na mayai mapya. Aliona kwamba mpaka karibu mwaka 1946 maganda yalikuwa mazito. Baadaye ghafula yakawa mepesi. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1967. Mimi napenda sana hesabu hiyo ya Ratcliffe. Alikuwa na mizani, rula na subira, akafahamu kitu ambacho viwanda vikubwa havikukiona.

Katika Marekani mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Mwaka 1964 wachunguzi walikwenda upande wa mashariki wa nchi ile kuangalia majabali 133 ambamo kozi walikuwa wakitaga zamani. Walipanda, walitazama, walingoja. Katika majabali yote 133 hawakumwona hata kozi mmoja.

Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilikataza D.D.T. mashambani. Lakini nchi isiyo na kozi haiwezi kupata kozi kwa sheria tu. Bwana Tom Cade, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, alianzisha chama mwaka 1970 cha kufuga kozi na kuwazalisha. Watu wengi walidhani haiwezekani. Mwaka 1973 walipata makinda 20. Makinda hao walipelekwa juu ya majabali, minara na nyumba ndefu, wakatiwa katika sanduku lenye fito. Vijana walikaa karibu usiku na mchana kuwalinda na kuwapa nyama, wakijificha ili ndege wasizoee watu. Siku zilipotimia sanduku lilifunguliwa. Kwa njia hiyo chama kile kiliwaachilia kozi zaidi ya 4,000, na mwaka 1999 serikali ya Marekani ilifuta jina la kozi katika orodha ya wanyama walio karibu kwisha.

Sasa twende katika mji niliotaka kuwaonyesha. Ni Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Mito miwili inakutana hapo na kufanya mto mmoja mkubwa, Ohio. Kwa miaka mingi Pittsburgh ulikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma cha pua. Watoto wa Lubumbashi wanaoliona bomba refu la kiwanda cha shaba wafikiri mabomba mengi ya namna hiyo, yote yakitoa moshi pamoja. Zamani siku nyingine moshi ulikuwa mzito hata taa za barabarani ziliwashwa saa sita za mchana. Leo hewa imesafika, na viwanda vingi vimefungwa.

Katika mji huo iko nyumba ya chuo kikuu iitwayo Cathedral of Learning. Jina linadanganya: si kanisa, ni nyumba ya madarasa. Ina orofa 42, na urefu wake ni meta 163. Walianza kuijenga mwaka 1926. Fedha zilikuwa haba, basi watoto wa shule wa mji ule wakaombwa kusaidia. Watoto karibu 97,000 walitoa kila mmoja senti 10, bei ya tofali moja. Hawakujua ya kuwa wanamjengea kozi jabali.

Kozi wa kwanza wa Pittsburgh walitaga mwaka 1991 juu ya nyumba nyingine ndefu, Gulf Tower. Mwaka 2002 wengine wawili walianza kutaga katika orofa ya 40 ya nyumba ya matofali ya watoto, ndani ya sanduku lisilo na kifuniko lililotiwa changarawe. Jike aliitwa Dorothy. Alikuwa ametotolewa mwaka 1999 katika mji wa Milwaukee, mbali kilometa 700 hivi. Alijulikanaje? Kwa pete ya mguuni. Nitarudi kwa pete hizo.

Kila mwaka mambo huenda kwa utaratibu huu. Mwezi wa tatu, baridi ingalipo, mayai hutagwa. Mama na baba hupokezana kuyakalia kwa muda wa mwezi mzima na siku chache. Makinda hutoka wamefunikwa na manyoya meupe laini kama pamba, macho yamefumba, shingo haina nguvu. Baada ya siku 20 na kitu wanakuja watu wa idara ya wanyama ya Pennsylvania kuwavalisha pete. Hapo ni vita! Wanavaa kofia ngumu, na mmoja anashika fagio na kuliinua juu ya vichwa vya wenzake. Kwa nini fagio? Kwa sababu mama kozi hushambulia kitu kilicho juu kupita vyote. Afadhali apige fagio. Wanapima makinda, wanawatia pete, wanawarudisha, na mama anaendelea kutukana kwa lugha yake mpaka mtu wa mwisho ameingia dirishani.

Baada ya siku 40 hivi tangu kutotolewa, manyoya meupe yameanguka na manyoya ya kahawia yameota. Makinda wanatembea ukingoni. Wanapiga mabawa, wanaruka kidogo, wanatua palepale. Baba anapita mbele yao na njiwa kuchani, karibu sana, lakini hawapi. Anazunguka, anapita tena. Ni kama kusema: ukitaka chakula, njoo ukichukue. Kinda analia kwa njaa, anainama, upepo unamwinua...

Hapo ndipo walinzi wanapokuwa tayari.

Chini ya nyumba ile, ng'ambo ya barabara, pana uwanja wenye majani. Mwisho wa mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa sita mtaona watu wamekaa pale juu ya viti, wengine wamelala chali juu ya mkeka ili shingo isiume, wote wakitazama juu kwa darubini. Wako wazee waliopumzika kazi, wanafunzi, wafanyakazi wanaokuja saa ya kula. Wenyeji wa mji wanapita na kuuliza: "Mnatazama nini?" Wanawapa darubini: "Tazama mwenyewe." Mtu anatazama, anashangaa, na pengine kesho yake anakuja na kiti chake.

Msifikiri kwamba ni kazi ya kusisimua kila saa. Kozi ameketi. Baada ya saa nzima kozi angali ameketi. Jua linachoma, au mvua inanyesha. Mtu asiye na subira haifai kazi hii. Lakini anayeangalia lazima ajue hesabu wakati wowote: makinda ni wangapi, wangapi wangali ukingoni, wangapi wameruka, kila mmoja alitua wapi. Katika miji mingine hubandika kipande cha rangi juu ya pete, ili wajue ni kinda gani. Akikosekana mmoja, wanatafuta: juu ya paa za jirani, katika miti, nyuma ya nyumba, kando ya njia.

Kwa nini kulinda siku hizo tu? Kwa sababu kozi, mwenye mwendo kuliko wanyama wote, ana juma moja la udhaifu. Kuruka kwa mara ya kwanza si kugumu sana; anafungua mabawa na hewa inamshika. Kutua ndiko kugumu. Hajui bado kupima mbali na karibu, wala kujizuia. Katika jabali la porini akikosea, huenda akatua juu ya jiwe la chini au mti. Mjini yapo mambo ambayo wazazi wake hawawezi kumfundisha. Kioo cha dirisha kinaonyesha mbingu na mawingu; kinda anadhani ni njia, anakigonga kwa nguvu. Bomba la moshi linaonekana mahali pazuri pa kutua. Akiingia ndani hawezi kutoka, kwa sababu hajui kupanda juu wima. Makinda wanaototolewa chini ya madaraja huanguka mtoni, na hapo mara nyingi hakuna wa kuwasaidia.

Na kuna hatari nyingine: barabara. Kinda mzima, asiye na jeraha hata moja, akitua chini barabarani, amenaswa. Nguvu ya mabawa yake bado haitoshi kumwinua kutoka chini. Anahitaji kwanza mahali pa juu pa kujiachilia. Wazazi wanamwona, wanazunguka juu yake wakilia, lakini hawawezi kumbeba. Anasimama kando ya barabara kama mtoto aliyepotea sokoni, na motokari zinapita.

Basi walinzi wanafanya nini? Kwanza, hawakimbii kumshika. Jambo hili ni gumu kwa watu wenye moyo mwema, na mara kwa mara hufunzwa tena na tena. Kinda akiogopeshwa atakimbilia katikati ya motokari. Walinzi wawili watatu wanasimama mbali kidogo, wanamzingira bila kumkaribia, wanawaomba wapita njia wazunguke upande mwingine. Mmoja hamwondolei macho kamwe. Mwingine anapiga telefoni kwa idara ya wanyama, kwa maana sheria inawaruhusu maofisa wa idara na watu wenye kibali tu kumgusa. Ofisa anafika na glavu, kitambaa na sanduku la karatasi ngumu lenye matundu. Anamfunika kwa kitambaa, anamwinua, anamtia sandukuni. Ndege akiwa gizani hutulia.

Akiwa na jeraha hupelekwa kwa mganga wa wanyama. Akiwa mzima hapelekwi nyumbani kwa mtu, hapewi mkate wala maziwa. Hupandishwa juu ya paa au baraza ya orofa ya juu, sanduku linafunguliwa, na watu wanaondoka upesi. Hawana haja ya kumwonyesha mama yake. Amekwisha kumwona. Mara nyingi chakula kinafika kabla ya jua kuchwa. Kesho yake kinda anajaribu tena, na safari hii anaanzia juu.

Katikati ya Pittsburgh kozi wengine walichagua mahali pa chini zaidi, katika barabara iitwayo Third Avenue. Kwa kuwa ukingo ule si mrefu, makinda wake hufika barabarani mara nyingi kuliko wale wa chuo kikuu. Ukiwauliza walinzi, watakuambia kwamba pale ndipo macho ya watu yanapohitajiwa zaidi. Kwenye orofa ya 40 kinda ana hewa nyingi chini yake, naye ana nafasi ya kusahihisha kosa lake kabla ya kufika chini.

Wakikaa hewani siku kumi hivi, mambo yanabadilika. Sasa makinda wanafukuzana wao kwa wao kuzunguka mnara, wanageuka chali hewani, wanashikana kucha na kuachana. Baba anakuja na njiwa. Badala ya kutua, anamwachilia juu yao. Wanamrukia, wanamdaka, au wanamkosa na chakula kinaanguka mbali. Kwa michezo hiyo wanajifunza kuwinda. Walinzi wanakunja viti vyao na kurudi nyumbani, kwa maana hawana tena la kusaidia. Baada ya majuma mengine sita au zaidi makinda wanaondoka kabisa, kila mmoja njia yake.

Lazima niseme kweli: wengi hawafiki mbali. Zaidi ya nusu ya kozi wachanga hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa njaa, kwa baridi, kwa kugonga vitu. Walinzi wanajua hesabu hiyo. Wengine huwauliza: "Kama nusu watakufa, mnajisumbulia nini?" Hilo si swali la kipumbavu. Lakini mtu aliyesikia habari ya majabali 133 yaliyokuwa tupu anajua jibu lake. Kinda aliyekanyagwa na motokari juma la kwanza hakupata hata nafasi ya kushindwa na baridi au njaa. Tena, wale wanaokaa chini na darubini ndio wanaoandika kila mwaka mayai mangapi, makinda wangapi, wangapi wameruka. Sumu mpya ikiingia tena katika nchi, vitabu hivyo vitaionyesha mapema, bila kungoja miaka 20 kama zamani.

Dorothy alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2015. Katika maisha yake, pamoja na waume wawili waliofuatana, alilea makinda 43 mpaka kuruka. Tangu siku zake macho yamekuwa mengi zaidi, maana imewekwa kamera karibu na sanduku, na kwa intaneti watu wa mbali wanawaona kozi wakilisha makinda. Lakini kamera inaona sanduku tu. Kinda akiisha kuruka, haimwoni tena. Hapo yanahitajiwa macho ya mtu aliye chini.

Kazi ya namna hiyo iko katika miji mingi sasa, hata Ulaya. Watu wa Kongo waliofika Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, wanalijua kanisa kuu la Watakatifu Mikaeli na Gudula, lenye minara miwili. Huko Ubelgiji pia kozi walikuwa wamekwisha kabisa karibu mwaka 1970 na kitu, wakarudi baada ya miaka 20 hivi. Mwaka 2004 walionekana kozi waliofanya makao juu ya mnara wa kanisa hilo. Tangu hapo, majira ya makinda, watu wa makumbusho ya viumbe huweka darubini kubwa mbele ya kanisa, na kila apitaye, mkubwa kwa mdogo, anaalikwa kutazama bila kulipa. Kengele zinalia, kozi wanakaa. Wamezizoea.

Na sasa habari ya pete. Kila kinda hupewa pete yenye herufi na tarakimu kubwa, za kusomeka kwa darubini kutoka mbali. Mwaka 2007 Dorothy alitotoa kinda mmoja jike. Walinzi walimwona akiruka, wakaandika, kisha akapotea kama wenzake. Baadaye, katika mji wa Rochester, kilometa kama 360 upande wa kaskazini, watu waliokuwa wakiangalia kozi wa mji wao walimwona jike mgeni mwenye pete. Walisoma tarakimu, wakauliza, wakapata jibu kutoka Pittsburgh: ni binti ya Dorothy. Wakamwita Beauty. Alikaa huko Rochester miaka mingi, akataga mayai juu ya nyumba ndefu ya mji ule. Na kila mwaka mwezi wa sita ulipokaribia, walinzi wa Rochester walichukua viti na darubini zao, wakakaa chini kuwangoja makinda wake.